Hotuba ya mgeni rasmi, kufunga mafunzo ya vijana watengenezaji video, Mombasa

Nimeandikiwa kurasa nne kuhusu "fursa za uchumi wa kidijitali". Nilianza kuzisoma garini, usingizi ukanichukua. Naziweka kando.

Nitazungumzia mkate. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipotaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, mpwa wangu aliingia jikoni na simu. Akapanga vipande 20 mezani, akajifanya mtoza ushuru, akachukua vitatu, cha nne akakimega pembeni. "Hiki nakuachia, usije ukasema serikali haina huruma." Tulicheka. Kisha nikapiga hesabu: asilimia 16 ya 20 ni 3.2. Mtoto kausoma mswada! Sisi tunaokaa viti vya mbele, wangapi tulikuwa tumeufungua?

Jina la Zakayo, alilobandikwa Rais, lilichekesha kwa kuwa kila mtu anamjua yule mtoza ushuru wa Yeriko aliyepanda mti. Lakini kilichouma ni vifungu, vilivyofafanuliwa TikTok kwa Kiswahili na lugha za nyumbani. Tarehe 18 Juni ushuru wa mkate ukaondolewa. Tarehe 26 Rais akasema hatautia sahihi mswada. Katikati hapo, tarehe 25, vijana waliuawa kwenye maandamano. Hapo sina mzaha. Wala sina mzaha na waliotekwa Desemba baada ya kuchapisha picha za kumkejeli Rais. Kifungu cha 33 cha Katiba kinawalinda hata wanaochekesha.

Ila nanyi sikizeni. Kumweka kiongozi kwenye jeneza pichani, hapo umesoma kifungu gani? Na kumtukania mtu mamake ni utovu wa adabu tu, hata ukipata laiki elfu. Nawe unayenirekodi pale nyuma, hamia kulia. Huku ndiko kwenye shavu zuri.

Ninalolipigania ni moja: miswada itoke kwa Kiswahili chepesi, kabla wananchi hawajaitwa kutoa maoni. Nimelisema mikutanoni mpaka wenzangu nikisimama tu wanatazama saa. Bado nalisema.

Risala yenu nimeipokea: kamera mbili, intaneti, na chumba cha kurekodia. Nitaifikisha panapohusika, na bajeti ikiruhusu tutaona namna. Kijana, hapo zima simu kidogo.

Natamka kwamba mafunzo haya yamefungwa rasmi.