Barabara Ikipita Kwenu, Nani Atalipwa na Kiasi Gani?



Leo tuongee kuhusu ardhi, lakini si ile ya kunyakuliwa usiku. Hiyo mnaijua. Leo ni ile ambayo serikali inaichukua mchana, kisheria, karatasi mkononi, kwa ajili ya barabara au bwawa. Kisheria inaitwa kutwaa ardhi kwa lazima. Hapo hakuna kuuliziwa kama unataka kuuza. Wakitimiza masharti ya sheria, kukataa kwako hakuzuii kitu. Kinachobaki mkononi mwako ni fidia, na hapo ndipo wengi wetu tunapigwa chenga kwa kutojua.

Kwa nini niwaambie nyinyi wa Kutulo? Barabara ya kutoka Isiolo hadi Mandera inapita hapo kwenu, kati ya Wajir na Elwak. Barabara ni neema, hakuna anayebisha. Mama mjamzito atafika hospitali kabla ya jua kuzama. Lakini lami inataka nafasi kubwa kuliko ile njia ya vumbi, na kando ya njia ya vumbi kuna maduka, vibanda vya mabati, zizi la mbuzi, birika la maji lililochimbwa na mzee wa mtu.

Katiba, Kifungu cha 40, inasema fidia iwe ya haki, iwe kamili, na ilipwe haraka. Sasa hilo neno "haraka" lina hadithi yake. Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha sheria, likasema haraka ni ndani ya muda wa kufaa, na isipite mwaka mmoja tangu ardhi ichukuliwe. Yaani tingatinga linaweza kufika leo na pesa zikafika msimu mwingine wa mvua. Mimi naona hapo mwananchi aliangushwa. Lakini ndiyo sheria, na ni bora uijue.

Na "kamili" je? Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Patrick Musimba, aliyekuwa mbunge wa Kibwezi Magharibi, kuhusu ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya reli ya SGR. Majaji walieleza kipimo: unayenyang'anywa ardhi urudishwe kwa pesa pale ulipokuwa. Usipate chini ya hasara yako, na usipate zaidi. Shikeni hilo neno, hasara. Korti haipimi uchungu wako. Inapima hasara inayoweza kuhesabiwa.

Inahesabiwa vipi? Kwanza bei ya soko, ile ya siku tangazo la nia ya kutwaa lilipotoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Si bei ya leo baada ya lami kufika. Kisha kanuni za 2017 zinaongeza asilimia 15 kwa usumbufu. Ploti ya Sh400,000 inaongezwa Sh60,000. Halafu kuna vitu ambavyo watu wengi hawavitaji, na visipotajwa havilipwi. Kama barabara imekata kipande chako katikati na kile kilichobaki hakifai tena, hiyo ni hasara. Kama umelazimika kuhamisha makazi au biashara, gharama ya kuhama inaingia. Kama duka lilipoteza faida kati ya tangazo na siku ya kuchukuliwa, hiyo pia.

Na kuna visivyohesabiwa. Kutotaka kwako kuondoka hakuna bei. Haraka ya serikali haina bei. Thamani itakayoletwa na mradi wenyewe si yako. Na wale wanaokimbia kujenga kibanda wakiona vigingi vya wapimaji, sikilizeni: kilichojengwa ndani ya miaka miwili kabla ya tangazo kinaweza kuachwa nje ya hesabu, isipokuwa ilikuwa ni ujenzi wa nia njema na si wa kuvizia fidia.

Siku kubwa kuliko zote si siku ya korti. Ni siku ya kikao cha uchunguzi, ambapo Tume ya Taifa ya Ardhi inakaa kusikiliza nani ana haki gani hapo. Dai lako linatakiwa liwe limeandikwa na kufikishwa kabla siku hiyo haijapita. Wazee wetu wana tabia ya kusimama kwenye baraza, kuongea vizuri sana, watu wakapiga makofi, kisha wanarudi nyumbani. Makofi hayaingii kwenye faili! Wewe kijana mwenye simu, piga picha za birika, za zizi, za duka, zikiwa na tarehe. Andika majina ya mashahidi. Weka risiti za mabati na saruji, hata kama zimechakaa. Mkiweza kuchangishana mkaajiri mthamini wenu wenyewe, bora zaidi, kwa sababu bila ripoti ya upande wenu mezani kunabaki ripoti ya upande mmoja.

Ukiona fidia uliyokadiriwa ni ndogo, usikimbilie kortini moja kwa moja. Sheria ya 2019 iliunda jopo maalumu la kusikiliza kesi za ardhi iliyotwaliwa, na ndiko unakoanzia. Una siku 30. Baada ya hapo ndipo kuna rufaa kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya. Je, nani analipwa, wakati wengi wenu hamna hatimiliki?

Katiba inasema anayeishi kwenye ardhi kwa nia njema bila hatimiliki anaweza kulipwa. "Anaweza", si "lazima". Msichanganye hilo na kesi ya Medina, Garissa. Kule zaidi ya watu 1,100 walibomolewa nyumba na kufukuzwa bila utaratibu, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Embu ikaamuru kila mlalamishi apewe Sh200,000. Ushindi mkubwa, alhamdulillahi. Lakini ile ilikuwa fidia ya kukiuka haki zao, ndiyo maana kiasi kilikuwa sawa kwa wote. Haikuwa bei ya ardhi ya mtu.

Malisho yetu ni ardhi ya jamii. Chini ya sheria ya ardhi ya jamii ya 2016, ikiwa haijasajiliwa, serikali ya kaunti ndiyo mdhamini. Pesa za fidia zinakaa kwa kaunti, na jamii inazipata ikishajisajili. Sawa. Sasa Kutulo iko kaunti gani? Nimesikia mmeanza kunong'ona! Wajir wanasema yao, Mandera wanasema yao, na mnajua mzozo huo umeshagharimu nini. Wanasiasa wanaubeba kama suala la kura na ushuru. Kwa mfugaji una maana nyingine: mpaka usipokubaliwa, upimaji unakwama. Upimaji ukikwama, jamii haisajiliwi. Jamii isiposajiliwa, pesa za malisho yake ziko mikononi mwa mdhamini ambaye hata jina lake linabishaniwa. Kwa hiyo mkienda kwenye mikutano ya mpaka, ulizeni hilo swali mbele ya watu wote: fidia ya malisho ya hapa itawekwa akaunti gani, na nani ataitolea hesabu? Na mwambie mzee wa ukoo kuwa kusajili jamii si siasa. Kunaanza na mkutano wa jamii na kuchagua kamati, na dada zetu wawe ndani ya daftari la wanajamii na ndani ya kamati.

La mwisho ni kuhusu ploti za mjini. Nyingi bado ziko kwa jina la babu aliyefariki, na Tume itatafuta mwenye haki anayeonyesha karatasi. Msingoje tangazo. Nendeni kwa Kadhi mapema, warithi wote wakiwa wamekubali, mirathi igawanywe na kila mmoja awe na fungu lake kwa maandishi, mjane na mabinti wakiwemo. Ndugu mmoja akisaini peke yake na pesa ikaingia kwenye simu yake, kuirudisha ni kesi nyingine kabisa, ya miaka.