Nyumba Ndogo za Makumbusho

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi, siku ya kufunga shule kwa likizo ya Agosti.)



Leo shule imefungwa na watoto wanarudi nyumbani. Najua ya kuwa kila mzazi aliyeketi hapa anajiuliza moyoni mwake: Mtoto huyu nitamshughulisha na nini majuma haya yote? Kazi za shamba zipo na mifugo ipo, wala sisemi ziachwe. Lakini nawaombeni siku moja tu katika likizo hii. Siku hiyo mpelekeni mtoto katika nyumba ya makumbusho. Sisemi ile kubwa ya Nairobi ijulikanayo na watu wote, bali nasema zile ndogo zisizosifiwa, ambazo wengi wetu twazipita kila siku ya soko bila kugeuza shingo.

Labda mtauliza, katika nyumba ndogo kama hiyo mna nini cha kutazama? Nitawapeni mifano michache.

Karibu na stesheni ya gari la moshi mjini Nairobi yako makumbusho ya reli, yaliyoanzishwa mwaka 1971. Humo limewekwa behewa moja la zamani ambalo mtu asiyejua habari zake angelipita tu. Mwaka 1900 behewa hilo lilikuwa limesimama usiku katika stesheni ya Kima, Ukambani, na ndani yake walikuwamo Wazungu watatu waliokuja kumvizia simba mla watu. Mmoja wao, Bwana Ryall, mkubwa wa polisi, alishika zamu ya kukesha, lakini usingizi ukamshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kutelezesha, na mlango ukajifunga nyuma yake. Akamkanyaga mtu aliyelala sakafuni, akamkamata Bwana Ryall, akatoka naye dirishani. Vitabu vya shule hutuambia ya kuwa reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Hayo ni kweli, na yafaa mtoto ayajue. Lakini akisimama mbele ya behewa lile, akapima kwa macho yake upana wa dirisha, ndipo atakapofahamu kwamba reli ile ilijengwa na watu wenye damu na hofu, wala si na tarehe.

Huko Lamu nako iko nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani. Ilifunguliwa Novemba 1888, wakati nchi ya Witu ilipokuwa chini ya himaya yao, ikafungwa Machi 1891, baada ya Wajerumani kuiachia Uingereza nchi ile. Haikutimiza hata miaka mitatu! Mwaka 1996 nyumba hiyo ilifanywa makumbusho, nayo yatufundisha ya kuwa mambo makubwa ya mataifa huacha alama hata katika vichochoro vyembamba.

Na ninyi mpitao Nakuru, hapo karibu na mji kipo kilima kiitwacho Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Mwaka 1937 Bibi Mary Leakey alianza kuchimba hapo, akapata makao na makaburi ya watu wa kale. Nyumba ya shamba iliyokuwapo ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1965. Lakini kinachowapendeza watoto zaidi kiko nje: ni mashimo ya bao yaliyochongwa katika mwamba wenyewe. Mtoto aliyekwisha kucheza bao chini ya mwembe hahitaji kufasiriwa mashimo yale. Ataona mara moja ya kuwa watu wale walikuwa na saa za kazi na saa za kupumzika kama sisi, na bila shaka walibishana juu ya kete.

Na Kapenguria, jela walimofungwa Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano, waliohukumiwa Aprili 1953, yamekuwa makumbusho tangu mwaka 1993. Mtoto huingia chumbani, akanyosha mikono yake, akaona jinsi nafasi ilivyokuwa ndogo. Hakuna mwalimu awezaye kumfundisha neno hilo ubaoni.

Sasa nataka kuwaelezeni habari za Kitale, maana huko nilipata somo langu mwenyewe, nalo lilikuwa chungu.

Makumbusho ya Kitale yalianza kwa mtu mmoja tu. Alikuwa mwanajeshi Mwingereza, jina lake Hugh Stoneham, aliyependa tangu utoto wake kukusanya vipepeo na wadudu. Mwaka 1926 aliweka makumbusho yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1966, aliusia vitu vyake viwe mali ya taifa, pamoja na fedha za kujengea nyumba, na nyumba hiyo ilifunguliwa mjini Kitale mwaka 1974. Humo mna wadudu, ndege na wanyama, na pia vyombo vya makabila ya upande ule wa magharibi, kama vibuyu, viti, ngao na mapambo. Nyuma yake pana msitu wa miti ya asili, na njia ya kupita kwa miguu.

Nilikwenda huko na mwanangu wakati wa likizo kama hii. Tulilipa kiingilio, tukaingia. Mtoto akasimama mbele ya kiti kidogo cha mti, kilichochongwa kwa gogo moja, akaniuliza, "Baba, kiti hiki kilikuwa cha nani?" Nikanyamaza. Si kwamba sikuwa na jibu, bali jibu lilinikaba kooni.

Maana mama yangu alikuwa na kiti kama kile. Alikikalia jikoni miaka yote, na sisi watoto tulikatazwa kukigusa. Alipofariki, mimi na ndugu zangu tuligawana mashamba na mabati kwa makini sana, lakini vitu vyake vya jikoni tuliviona kuwa takataka. Akaja mchuuzi mmoja mwenye baiskeli, anunuaye vitu vya kale, akatupa fedha za kutosha sukari na majani ya chai. Akakichukua kiti, na vibuyu vyake vyote, na kijiti cha kuvisafishia. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nami niliuacha mbacha, wala msala sikuupata. Sasa nilikuwa nimelipa fedha mlangoni ili nitazame ndugu ya kile nilichokitoa kwa bei ya sukari.

Tukiwa bado pale akaja bibi mzee na wajukuu zake. Akatazama kibuyu cha maziwa, akacheka, akaanza kuwaeleza: jinsi kibuyu kinavyosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu, jinsi mkaa huo unavyoyatia maziwa harufu njema na rangi ya majivu, na jinsi maziwa yanavyogandishwa yakakaa siku nyingi bila kuoza. Akawatajia jina la mti ule kwa lugha yao. Watoto wote waliokuwamo chumbani wakamzunguka, na mwanangu pia. Kikaratasi cha makumbusho kilisema tu, "Kibuyu cha maziwa." Maneno yote mengine yalikuwa katika kichwa cha bibi yule.

Ndugu zangu, hili ndilo nililokuja kuwaambieni leo. Nyumba ya makumbusho hutunza chombo, lakini haiwezi peke yake kutunza habari za chombo. Kibuyu kitakaa kabatini miaka mia, na mwenye kukijua atazikwa kesho. Siku hiyo kibuyu kitakuwa kama kitabu kilichofungwa, wala hapana mtu ajuaye kukisoma.

Kwa hiyo nawaombeni mambo matatu. Kwanza, mkienda, msiende na watoto peke yao. Mchukueni bibi au babu. Penye wazee haliharibiki neno. Nauli yake haitapotea, maana yeye ndiye atakayewafasiria yaliyomo. Pili, msikimbilie kuona kila kitu. Kila mtoto achague kitu kimoja tu, akichore katika daftari lake, kisha aandike jina lake kwa lugha ya nyumbani, kilitengenezwa kwa nini, na nani alikuwa na haki ya kukitumia. Walimu, shule zitakapofunguliwa, someni madaftari hayo mbele ya darasa. Tatu, mkirudi nyumbani, tazameni juu ya dari na nyuma ya ghala. Mkikuta kitu cha mzee, msikiuze kabla ya kumwuliza habari zake. Na kama hamna mahali pa kukitunza, kaulizeni makumbusho ya karibu kama wangependa kukipokea, pamoja na habari zake zilizoandikwa.

Mwanangu aliniuliza swali lake tena tulipokuwa garini. Nikamwambia ukweli wote, hata ile habari ya sukari. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nieleze bibi alivyokikalia." Nikamweleza mpaka tukafika nyumbani. Kiti sina tena, lakini habari zake sasa anazo mtoto.

Nawatakieni likizo njema. Kwaherini.