Habari za Muhula wa Pili Katika Shule Yetu ya Msingi
(Hotuba ya Halmashauri ya Elimu kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ya Elimu imeagizwa na mkutano huu itoe habari za shule yetu, hasa za muhula wa pili wa mwaka 2024, na ieleze ni kwa nini fedha zilitoka katika Mfuko wa Elimu kwa ajili ya safari, jezi na chakula cha watoto. Tumekuja kutii agizo hilo. Twajua kwamba wako wazee walionung'unika, na wengine walitujia wakatuambia wazi kwamba Chama hiki cha Ustawi hakikuundwa ili kulipia ngoma. Maneno hayo hatukuyachukia. Mwenye mali ana haki ya kuuliza mali yake imekwenda wapi, na fedha za Mfuko ni jasho la ndugu zetu wafanyao kazi Mombasa, Malindi na Nairobi, na la akina mama wauzao maembe na samaki hapa kwetu Garsen.

Hapana budi kuanza na maji. Muhula ulikuwa ufunguliwe tarehe 29 Aprili. Masika ya mwaka huo yalizidi kiasi katika nchi nzima. Bwawa la Masinga likajaa hadi kumwagika, na ninyi mwajua kwamba yote yamwagikayo kule juu hatimaye hutufikia sisi wa delta, hata kama kwetu jua lawaka. Serikali ikasogeza siku ya kufungua hadi tarehe 6 Mei, kisha ikaahirisha tena, na mwisho milango ikafunguliwa tarehe 13 Mei. Basi muhula uliopangiwa wiki 14 ukabaki na wiki 12 tu.

Lakini siku hiyo ya tarehe 13 shule yetu ilikuwa imekwisha kujaa watu, nao si wanafunzi. Jamaa za vijiji vya chini, waliokimbia na magodoro yao na kuku wao, walikuwa wakilala madarasani. Je, ungemwambia nani atoke? Mwalimu mkuu hakumfukuza mtu. Alifungua shule chini ya miembe, ubao ukaegemezwa kwenye shina, na watoto wa Gredi ya 1 wakakaa juu ya mikeka iliyotolewa na msikiti na kanisa. Ilichukua siku nyingi kupata mahema, nayo yalipopatikana yakasimamishwa katika uwanja wa mpira, kwani hapakuwa na mahali pengine pakavu penye nafasi. Jamaa zikahamia mahemani, watoto wakarudi madarasani, wakakuta matope yamekaa ukutani kimo cha goti na vitabu vya kabati la chini vimeshikana kama mikate.

Kazi ya kwanza ya Chama ilikuwa vyoo. Mashimo yalikuwa yamejaa maji ya mto, na kila mtu aliyeyaona mafuriko ya zamani ajua ni ugonjwa gani hufuata. Tulinunua dawa ya kutia katika maji ya kunywa, tukalipa mafundi, na vijana wa Chama wakachimba bila malipo. Juu ya hilo hakuna mzee aliyelalamika, na hatuna haja ya kulieleza zaidi.

Jambo la pili lilikuwa chakula. Watoto wengi walitoka katika nyumba ambazo mahindi yake yalikuwa yamezama shambani. Tukanunua mahindi na maharagwe, na akina mama wa mahemani wakashika sufuria wenyewe bila kuombwa, wakawa wanapika uji wa asubuhi na chakula cha mchana kwa watoto wote, wao na wa wengine. Walimu walituambia, nasi tuliona kwa macho yetu, kwamba tangu sufuria ilipoanza kuchemka watoto waliokuwa wakitoroka saa nne walikaa hadi jioni.

Kuhusu upandaji wa miti tutasema machache. Tarehe 10 Mei ilitangazwa kuwa siku ya taifa zima kupanda miti, lakini shule ilikuwa haijafunguliwa, kwa hiyo miche ilipandwa baadaye, na mingi imeliwa na mbuzi. Tungependa wenye mbuzi hao wajifahamu. Siku ya Mtoto wa Afrika, ambayo huadhimishwa tarehe 16 Juni kwa kuwakumbuka watoto wa Soweto wa mwaka 1976, iliangukia Jumapili. Shule iliiadhimisha Ijumaa iliyotangulia, na wazee wawili wakaja kuwaeleza watoto jinsi mto wetu ulivyohama njia yake mara kwa mara. Walisikilizwa kwa utulivu ambao hata sisi mikutanoni hatuupati.

Sasa tufike penye ubishi.

Muhula wa pili ndio muhula wa michezo ya mpira na wa Tamasha la Muziki. Mashindano huanza katika shule za karibu, yakaenda kaunti ndogo, kisha kaunti, na waliobarikiwa huendelea hadi mashindano ya taifa. Shule yetu iliingiza timu ya kandanda ya wasichana, timu ya wavulana, mpira wa wavu, kwaya, na kikundi cha ngoma za kiasili. Uwanja ulikuwa na mahema, kama tulivyosema, kwa hiyo timu zilifanya mazoezi katika kipande cha mchanga nyuma ya soko, na mpira ulipotumbukia mtoni, aliyeupiga ndiye aliyetafuta wa kuufuata kwa mtumbwi.

Tangu zamani desturi imekuwa hii: safari inapokaribia, shule huwaandikia wazazi walete mchango wa basi na wa chakula. Aliyeleta, mtoto wake husafiri. Asiyeleta, mtoto wake hubaki, na nafasi yake hupewa mwenzake ambaye mzazi wake anazo. Tumeona jambo hilo katika shule nyingi, wala si katika shule moja tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu chake cha 29, yakataza karo ya masomo katika shule za umma, na yasema kwamba hata pale michango mingine inaporuhusiwa, mtoto asikataliwe shuleni kwa sababu ya kukosa kuilipa. Sheria hiyo ni njema. Lakini haikutaja basi. Mtoto hafukuzwi shuleni. Huachwa langoni, akiwatazama wenzake wakipanda, ilhali ni yeye aliyeimba sauti ya juu katika mazoezi ya wiki sita. Tuseme nini kwa mtoto huyo? Na mwaka wa mafuriko, wangebaki wangapi?

Wengine wameuliza kama Serikali haitoi fedha. Hutoa. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka 2003, kila mwanafunzi aliwekewa shilingi 1,020 kwa mwaka, na baadaye zikaongezwa hadi 1,420. Kiasi hicho hugawanywa katika vitabu, chaki, matengenezo, maji, taa na mambo mengine mengi. Mwenye kuugawa mwaka kwa siku za masomo ataona kilichobaki cha kumpeleka mtoto Hola na kumrudisha akiwa ameshiba.

Kwa hiyo mwezi wa Mei Halmashauri ilikata shauri. Tulimwambia mwalimu mkuu kwamba majina ya watakaosafiri yaandikwe na walimu kwa kutazama uwezo wa mtoto tu, na jina likisha kuandikwa, fedha zitalifuata jina. Mzazi mwenye uwezo alete mchango kwa Mweka Hazina wetu kwa hiari yake, nao wako walioleta. Waliosalia, Chama kiliwalipia. Tulinunua pia jezi, kwa maana zile za zamani zilikuwa zimechukuliwa na maji pamoja na sanduku lake.

Hatukurudi na kombe, wala hatutaki kulipamba jambo hilo. Wasichana walishindwa kwa mikwaju ya penalti katika mashindano ya kaunti ndogo, na wavulana hawakufika hata hapo. Kwaya ilisimama katika mashindano ya kaunti, ikasifiwa, ikaishia hapo. Kikundi cha ngoma kilifanya vizuri kuliko wote, na mwamuzi mmoja aliuliza mbele ya watu ni nani aliyewafundisha watoto mapigo yale. Aliyewafundisha ni mama mzee wa mahemani, ambaye hakuwa na nyumba ya kurudia.

Wazee wetu, mmesema kwamba ngoma haimfaulishi mtoto. Twaomba kujibu kwa adabu. Wengi wetu tuliwapima watoto wetu kwa mtihani wa KCPE tangu ulipoanza mwaka 1985, na katika mtihani ule aliyeimba vizuri hakupata hata alama moja kwa kuimba kwake. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza katika shule zote mwaka 2019, sanaa na michezo ni somo lenye saa zake katika ratiba, na mtoto hupimwa kwa hilo kama apimwavyo kwa hesabu. Mtu aweza kuupenda mtaala huu au kuuchukia, nasi katika Halmashauri hatukubaliani wenyewe kwa wenyewe juu yake. Lakini kumwacha mtoto langoni sasa ni kumnyima somo lake.

Zaidi ya hayo, ninyi ndio wa mwisho wa kudharau muziki. Mwaka 1963, nchi ilipokuwa ikiungoja uhuru, wanamuziki watano walipewa kazi ya kutayarisha Wimbo wa Taifa, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake, na mwenzetu wa Pwani, Thomas Kalume. Sauti ya wimbo ule haikutoka London wala Nairobi. Ilitoka katika wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto, nao ulitolewa na Mzee Meza Moroa Galana wa huku Tana. Kila asubuhi ya Jumatatu, bendera inapopandishwa katika shule zote za Kenya, watoto husimama wima kwa sauti iliyotoka katika mikeka yetu.

Kuna jambo jingine ambalo tulilisema kwa sauti ndogo katika Halmashauri, na leo twalisema hadharani kwa sababu wazee mpo. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa mwaka 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, mkulima na mfugaji, na hakuna kijiji kisichojua kaburi. Watoto waliokuwa Gredi ya 6 mwaka 2024 walizaliwa katika siku zile au mara tu baada yake. Timu yetu ya wasichana ilikuwa na mlinda lango wa Kiorma na mshambulizi wa Kipokomo. Walipanda basi moja, wakala sahani moja njiani, na waliposhindwa kwa penalti walilia pamoja. Hatudai kwamba mpira umemaliza jambo ambalo mabaraza mengi bado yanalishughulikia. Twasema tu kwamba, kama safari ile ingekwenda kwa michango, wangesafiri watoto wa upande ambao mwaka huo ulikuwa na fedha, na upande mwingine ungebaki nyumbani ukihesabu. Ninyi wenyewe mwajua hesabu za namna hiyo huishia wapi.

Kwa upande mwingine, haki ni kusema na la pili. Mfuko ni mmoja. Fedha zilizotoka kwa basi na sufuria zilipunguza basari za sekondari, na katika muhula huo wanafunzi wetu wa sekondari walilipiwa nusu ya kawaida. Wazazi wawili walikuja nyumbani kwa Katibu usiku, na maneno yao yalikuwa mazito. Mwana wa mmoja wao alikaa nyumbani siku tisa hadi jamaa zake wa Mombasa walipotuma zilizopungua. Mzee aliyetuuliza kama kijana wa sekondari ni mdogo kuliko mwimbaji wa Gredi ya 5 aliuliza swali la haki. Jibu letu ni kwamba kijana yule alikuwa na jamaa wa kumwendea, na wale wa mahemani hawakuwa na mtu. Lakini hatutaki kuchagua hivyo kila mwaka.

Basi twaleta hoja hii. Ufunguliwe mfuko wa pili, ulio mbali na ule wa basari, kwa ajili ya safari na chakula cha shule ya msingi. Kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi juu ya ada yake ya kawaida, na matawi ya Mombasa na Nairobi yakusanye na kutuma kabla ya kila muhula kufunguliwa, si baada. Kanuni ile ya majina ibaki kama ilivyo: mwalimu huandika, mfuko hulipa, na orodha ya waliolipiwa isibandikwe ukutani, wala isisomwe katika mkutano wowote, hata huu.

Hesabu zote, pamoja na risiti za basi, za jezi na za mahindi, ziko mezani kwa Mweka Hazina, na kila mwanachama aweza kuzitazama kabla ya kura kupigwa. Wenye kupinga hoja wana nafasi yao sasa, Bwana Mwenyekiti, nasi tutabaki hapa mbele kuwajibu.