Chaji ni Akiba: Tuzibe Matundu ya Betri

Mazungumzo ya Katibu mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika pamoja na wanakisomo, chini ya mwembe wa ghala. Yamenakiliwa hapa ukutani ili asiyehudhuria asome, na aliyehudhuria ajikumbushe.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa Bodi, wazee wetu, mama zetu, vijana na ndugu zetu wote wanakisomo,

Leo hatukuja kuzungumza habari za bei wala za mbolea. Tumekuja na jambo dogo linalokaa mfukoni, nalo ni simu. Mnacheka? Chekeni, lakini msikilize hadi mwisho, kwa sababu jambo hili dogo limekwisha kututia hasara, na leo tutasema ni nani aliyeitia.

Mnakumbuka msimu uliopita wa mbaazi. Magunia yalikwisha kupimwa, yako ghalani yanangoja lori. Lori lilikuwa lije asubuhi. Halikuja. Mvua ikanyesha siku tatu, daraja la mto likafunikwa na maji, na magunia 14 yaliyokuwa upande wa ghala unaovuja yakalowa, mbaazi zikaanza kuota. Manne kati ya hayo yalikuwa ya mama mmoja mjane, aliyekuwa ameyawekea hesabu ya sare na madaftari ya watoto. Mkutano ulipokaa, wengine walimlaumu dereva, wengine mvua, wengine bati la ghala. Sisi tulikaa kimya.

Ndugu wananchi, kweli yenyewe ni hii. Dereva alipiga simu usiku ule saa mbili. Alikuwa barabara kuu, ameona wingu, akataka watu waamshwe wapakie usiku uleule kabla mto haujajaa. Namba aliyopewa ilikuwa moja tu, nayo ni yetu. Simu yetu ilikuwa imezimika tangu saa kumi na moja jioni. Asubuhi tulipoichaji tukakuta ujumbe kwamba alipiga mara saba. Basi hakukosa dereva, tulikosa sisi. Tunaomba radhi mbele ya mkutano, na kwa mama yule tumekwisha kwenda nyumbani kwake.

Lakini kuomba radhi peke yake hakukaushi mbaazi. Tulijiuliza: simu iliyojazwa chaji asubuhi, ikakaa mfukoni mchana kutwa wakati sisi tunalima, imekufaje jioni? Kwanza tulimwendea kijana wa kibanda cha sola pale senta, tukamgombeza kwamba anatuuzia nusu chaji. Kijana hakujibu kwa hasira. Alituambia, “Mzee, kaa hapa, leta simu.” Akafungua Mipangilio, akagusa palipoandikwa Betri, na pale pakatokea orodha ya vitu vyote vilivyokula chaji siku ile, kimoja kimoja na kiasi chake. Yaani simu yenyewe inaweka daftari, kama karani wa mizani! Sisi tulioshika kalamu tukiwa na ndevu tuliona haya: tunajua kusoma siku hizi, na daftari lile liko kwenye kiganja chetu, hatukuwahi kulifungua. Tukarudi kesho yake na penseli na karatasi, kama siku zile za a-e-i-o-u. Haya tunayowaeleza ndiyo tuliyoyaandika, tukayajaribu wenyewe, tukayaona.

Ndugu, betri ni kama mtungi. Mtungi ukivuja, mtu asiye na akili hukimbilia kisimani kila mara. Mwenye akili huutazama kwanza, akaziba tundu. Matundu ya simu ni haya yafuatayo.

Tundu la kwanza ni kioo. Mwanga wa kioo ndio mlaji mkubwa katika simu nyingi. Teremsha pazia la juu kwa kidole, utaona alama ya jua. Sogeza mwanga urudi chini mpaka pale unapoweza kusoma bila taabu. Juani utauongeza kidogo, ndani ya nyumba utaupunguza. Kisha ingia Mipangilio, utafute muda wa skrini kujizima. Simu yetu ilikuwa imewekwa dakika 10! Kila tulipoigusa, taa iliwaka dakika 10 ndani ya mfuko, haimwangazii mtu. Weka sekunde 30, yatosha.

Tundu la pili ni data. Jamani, hapa wengi tunapotea. Kupiga simu, kupokea simu, kupokea ujumbe mfupi wa kawaida, na kutuma au kupokea pesa kwa zile namba za nyota na reli, hayo yote hayahitaji data. Data ni kwa ajili ya WhatsApp, video na mambo ya intaneti. Kwa hiyo mtu aliye shambani anaweza kuzima data akabaki anapatikana kama kawaida, na bando lake likabaki pia. Washa unapotaka kusoma habari zako, ukimaliza zima. Na ndani ya WhatsApp kwenyewe, zima ule utaratibu wa picha na video kujipakulia zenyewe. Siku ile ya lori, simu yetu ilikuwa mfukoni inapakua video za harusi ya watu tusiowajua.

Tundu la tatu ni mnara. Simu iliyo karibu na mnara huongea kwa sauti ndogo. Iliyo mbali hupiga kelele. Kule bondeni mtandao hafifu, simu huongeza nguvu ili isikike, na ikiupoteza mtandao huutafuta bila kupumzika. Ndiyo maana simu iliyolala mfukoni hurudi kutoka bondeni imechoka kuliko aliyeshika jembe. Dawa ni mbili. Mahali ambapo mtandao wa kasi unakuja na kupotea, ingia Mipangilio, kwenye mtandao wa simu, chagua 2G. Intaneti itakuwa ya kinyonga, lakini simu na ujumbe mfupi vitapita. Na mahali ambapo hakuna mtandao kabisa, weka ile alama ya ndege. Ila sikilizeni vizuri: ukiweka ndege hakuna atakayekupata, kwa hiyo ukipanda kilima uiondoe. Ukisahau, wewe na yule aliyeishiwa chaji mmekuwa kitu kimoja.

Tundu la nne ni vile vitu vinavyofanya kazi bila kutumwa: kutambua mahali ulipo, Bluetooth, na Wi-Fi inayotafuta mtandao ambao kijiji hiki hakina. Vizime, uwashe siku ya haja. Tochi nayo tuitumie kwa kiasi. Anayetaka redio, kama simu yake ina FM, achomeke waya wa masikioni asikilize FM yenyewe. Inakula kidogo kuliko redio ya intaneti.

Mwisho wa matundu, kuna mlango uitwao Kiokoa Betri. Ukiuwasha, simu yenyewe hupunguza ulaji. Simu nyingi zinakubali kuwekewa amri kwamba chaji ikifika kiasi fulani, mathalani asilimia 20, mlango ujifunge wenyewe. Simu na ujumbe mfupi vitaendelea kuingia. Habari za WhatsApp ndizo zinazoweza kuchelewa, basi jambo la haraka lisitumwe huko, lipigiwe simu.

Majina haya yaweza kutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Usipoona neno tulilolitaja, tafuta linalofanana nalo. Na kama simu inaongea Kiingereza, ingia kwenye Lugha, uiambie iongee Kiswahili. Hapohapo katika Mipangilio pana ukubwa wa maandishi. Wazee wetu, msifinye macho: kuzeni herufi. Mama mmoja wa darasa letu alidhani amesahau kusoma, kumbe herufi zilikuwa ndogo mno. Siku tulipozikuza alisoma ujumbe wa mwanawe mwenyewe, bila kumwomba mtu, na darasa zima likanyamaza.

Sasa yako mambo yanayosemwa vijiweni ambayo si ya kweli, yafaa tuyaondoe.

Wanasema betri lazima iishe kabisa kabla ya kuchajiwa. Desturi hiyo ilitoka kwenye betri za aina ya zamani. Simu za leo zinatumia betri za litiamu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1991, na wataalamu watatu walioziasisi walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Betri hizi hazipendi kumalizwa mpaka tone la mwisho. Ukipata nafasi ya kuchaji ikiwa bado nusu, chaji, hakuna dhambi. Kinachozizeesha haraka ni joto. Simu isiachwe juani juu ya gunia, wala kwenye dashibodi ya gari, wala isichajiwe chini ya mto wa kulalia. Na betri ikivimba, acha kuitumia mara moja. Usiitoboe, usiikandamize, inaweza kulipuka moto.

Wanasema tena kwamba kila dakika ufute programu zote ili kuokoa chaji. Sivyo. Ukifunga na kufungua, kufunga na kufungua, unaitia simu kazi ya kuanza upya kila mara. Ni kama kuzima jiko na kuliwasha kwa kila kikombe cha chai. Funga ile tu ambayo daftari la betri limekuonyesha kwamba inakula bila sababu.

Na jambo la tahadhari. Mtu akikusaidia kupanga simu yako, mshukuru, lakini usimpe namba ya siri ya pesa. Kupanga mwanga wa kioo hakuhitaji namba ya siri. Anayeiomba ana safari yake nyingine.

Ndugu wanachama, tuje kwenye hesabu, maana sisi ni watu wa ushirika. Umeme wa nguzo haujafika vitongoji vyetu vyote, na pale senta tunalipa shilingi 500 kila tunapochaji. Anayechaji kila siku anatoa shilingi 15,000 kwa siku 30. Sisi baada ya kuziba matundu tunachaji siku moja na kupumzika moja: shilingi 7,500. Tofauti yake kwa miezi 12 ni shilingi 90,000. Hebu kila mmoja akae na familia yake apige hesabu hiyo ni majembe mangapi, ni mbegu kiasi gani. Kijana wetu wa kibanda alituelimisha huku akijua kwamba anajipunguzia wateja. Tulimgombeza, yeye akatufundisha. Mbele yenu tunamwomba radhi, na tunamshukuru.

Lakini faida ya kwanza si fedha. Simu ya mwanachama si yake peke yake. Usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, anayepigiwa ni mwenye pikipiki, na pikipiki bila simu inayowaka ni chuma tu. Karani akitaka kuwaita watu kupakia mzigo, anawaita kwa simu. Anayeacha chaji yake imwagike mchana kwa video, usiku amekata kamba ambayo wengi wameishika. Sisi tuliikata kamba hiyo, nasi tumeiona thamani yake kwa magunia 14.

Kwa hiyo basi tunaleta maazimio matatu mbele ya mkutano:

1. Msimu wa mavuno kila kitongoji kiwe na simu mbili za zamu. Wenye zamu wahakikishe kwamba hadi alfajiri simu zao zina chaji, na ziko mahali penye mtandao.

2. Dereva, karani na zahanati wapewe namba tatu za kijiji, siyo moja tena. Namba moja ikizimika, nyingine ijibu.

3. Jumatano ijayo wanakisomo na yeyote anayependa waje na simu zao. Tutafungua daftari la betri pamoja, mmoja mmoja, na kila mtu ataandika kwa mkono wake vitu vitatu vinavyokula chaji yake. Hilo litakuwa zoezi la kusoma na la kuandika kwa wakati mmoja. Vijana wanaojua waje wakae pembeni ya wazee, waelekeze kwa mdomo, wasiwanyang'anye simu mikononi.

Elimu haina mwisho, ndugu zangu. Tuliambiwa hivyo tulipokuwa tunajifunza kuandika majina yetu, tukadhani tumefika. Bado. Shime tuzibe matundu, ili lori likija tena usiku, likute kijiji kiko macho.



Ni sisi,
Katibu wa Chama, Kijijini

(Mkutano uliyapitisha maazimio yote matatu. Orodha ya zamu imebandikwa kwenye mlango wa ghala. Asiyeona jina lake amwone karani.)