Nasaha kwa Vijana Waendao Chuo Kikuu

Bismillahi Rahmani Rahim. Wazee wangu, nanyi wanangu mnaokwenda Makerere na Mbale.

Hapa madrasani asiyekuja hufuatwa kwao. Huko mhadhiri hutoa somo lake akaenda zake. Uwepo usiwepo, hakuulizi. Hali hudhihirika siku ya mtihani, nayo siku hiyo wakati umekwisha pita. Basi usilolifahamu juma la kwanza, liulize juma lilo hilo. Naijua haya ya kijana aliyekuwa wa kwanza kwao, kisha akajikuta kati ya mia, wote wa kwanza kwao! Imam Shafii, wasema wapokezi, alikwisha ihifadhi Muwatta, na juu ya hayo alitoka Makka hali ni kijana, akaenda Madina kuketi mbele ya Imam Malik.

Misikiti ipo, Makerere iliyoanza mwaka 1922 na hata Mbale, ambako Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa mwaka 1988. Wa kukuamsha alfajiri ndiye hayupo.

Nanyi wazazi, mtoto akisema somo limemshinda, msianze kwa kumkemea. Akemewaye mara ya kwanza haelezi mara ya pili, nasi huja kupata habari karo imekwisha na masomo ameyaacha. Mwulizeni anakula nini, analala wapi, na rafiki yake ni nani.