Usonji, Sahani na Uzito wa Mtoto

Mzazi unayetusikiliza Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi, leo tuna jambo ambalo kliniki nyingi hulipita haraka: uzito wa mtoto mwenye usonji.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban mmoja kati ya watoto watatu wenye usonji alikuwa na uzito uliozidi. Huko si Ukambani, lakini sababu zake mtazitambua.

Watoto wengi wenye usonji huchagua sana chakula. Muthokoi una ndengu laini na mahindi magumu katika tonge moja. Ulimi wa mtoto unakataa. Biskuti na chipsi hazibadiliki, leo kama jana, basi anazing'ang'ania. Huo si ukaidi, wala hakudekezwa. Usimlazimishe. Weka kijiko kimoja cha ndengu, peke yake, kando ya anachokipenda. Asipokigusa, kirudishe kesho, hata wiki nzima.

Tena kuna dawa. Risperidoni, inayotumika kutuliza hasira kali, huongeza hamu ya kula. Usiikatize mwenyewe, mwombe daktari ampime uzito na urefu kila mnapokwenda kliniki.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 kwa siku. Mpira wa kelele ukimtisha, mpeleke kuteka maji, kuchunga mbuzi, kuokota maembe. Na jirani, ukimwona mtoto huyu njiani, msalimie. Baadhi ya watoto hawa hunenepa kwa sababu wamefungiwa ndani, mzazi akiogopa macho yako.