Mtu wa Amin alipoanguka

Jenerali Mustafa Adrisi alikuwa makamu wa Idi Amin, rais wa Uganda. Aprili 1978 aliumia vibaya katika ajali ya gari, akapelekwa Cairo kutibiwa. Akiwa angali kitandani hospitalini, Amin akamvua wizara zake.

Tumhurumie? Majeruhi huhurumiwa, naam. Lakini watu walipokuwa wakitiwa kwenye buti za magari mchana kweupe mjini Kampala, na wake zao wakizunguka kuulizia maiti, yeye alikuwa mezani pa mkubwa. Kutupwa na Amin hakumsafishi mtu. Henry Kyemba, waziri wa afya aliyekimbia 1977, angalau aliandika aliyoyaona. Walioanguka tuwadai hilo kwanza: waseme nani alikamatwa, na amezikwa wapi.